Tulipoteremka Injini Ikiwa Imezimwa

Nimwambie, au ninyamaze? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima. Nimerudi Nachingwea na shahada ya uhandisi wa mitambo, kazi sina, na mtu asiye na kazi akimfundisha baba yake kuendesha gari huonekana ametafuta tu la kusema.

Enzi zetu, sisi tuliokulia nyuma ya pikapu, petroli ilikuwa kama mtu wa nyumbani. Ilikuwa na dumu lake na kona yake, na harufu yake iliingia hadi kwenye mihogo ya mama. Pikapu la baba lilikuwa la kabureta, kile kifaa cha kuchanganyia petroli na hewa, na kabureta ile ilikunywa kama mfungaji aliyecheleweshewa futari. Asubuhi za baridi tulilisukuma, likakohoa, likatutemea moshi usoni, tukashangilia. Watoto wa siku hizi wanabonyeza kitufe gari linaitika, halafu wananuna kwa sababu muziki umechelewa kuanza.

Tukitoka shambani Nambilanje na magunia ya ufuta kwenda Ruangwa, sote tulikuwa tunasubiri mteremko. Pale juu baba alitoa gia, akazima injini. Kimya! Ukasikia mawe yakigonga chini ya gari, upepo, na kuku wa watu wakitimua mbio. "Haya, sasa tunakwenda bure!" baba alipaza sauti. Tukianza kuimba, mama alitukemea: "Hebu nyamazeni, baba yenu anasikiliza breki." Na kwa gari lile baba alikuwa sahihi, maana kabureta ilikunywa hata mteremkoni, na breki zake hazikuitegemea injini. Madereva wote wa njia ile walifanya hivyo.

Sasa ana gari dogo la mtumba. Petroli iliyokuwa ikitufikisha Ruangwa kwa taabu, leo inampeleka na kumrudisha. Kompyuta ndogo ndiyo inayoipimia injini mafuta. Ukiachia pedeli ya mafuta mteremkoni gia ikiwa imeingia, inayakata kabisa, magurudumu yanaizungusha injini yenyewe. Ukitoa gia, injini inadai mafuta ili isizimike. Ukiizima, breki zinakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, kwa kuwa injini ndiyo inayozipa nguvu. Baba bado anaizima, na mama yumo garini.

Nilijaribu kumwambia kwa kuzunguka. "Baba, magari ya sasa..."

"Magari ya sasa yana magurudumu?"

"Yana."

"Basi yanateremka."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Nami nikacheka. Niliona nikisema nitakuwa nimeua ule ukimya wetu, kitu pekee ambacho gari la zamani lilitupa na hili jipya haliwezi kutupa bila hatari. Siku hizi tunafika mbali kwa mafuta kidogo, na hakuna mtoto anayesubiri mteremko.

Juzi, tukitoka Nambilanje, nikaomba funguo. Baba akakaa pembeni yangu, mama nyuma. Pale juu nikaachia pedeli, gia nikaiacha imeingia, injini ikanguruma na kutushikilia.

"Toa gia, unachoma mafuta!"

"Sitoi, baba. Ukitoa ndipo unachoma. Na ukizima, breki zitagoma, na mama yumo humu."

Sikuwa nimewahi kumwambia baba "sitoi" maishani mwangu. Akanyoosha mkono kwenye gia. Nikaushika, nikaurudisha taratibu juu ya goti lake, tukaendelea kuteremka.