Chembe ya Almasi Iliyohisi Shikamoo Zetu

Nilitumwa Songea, kwenye onyesho la sayansi la shule mbalimbali, kwa sababu niliongoza mtihani wa fizikia, si kwa sababu najua kuongea. Mwalimu alisema, "Ukirudi utawasimulia wenzako wote."

Tuliondoka Lusewa asubuhi, mimi na Anjela ninayekaa naye dawati moja. Njia nzima alikuwa ananicheka. "Siku ya kusimulia tutaazima kipaza sauti cha kanisani."

Songea tulifikia mtaa wa Mfaranyaki, kwa shangazi yangu. Akauliza tumefuata nini mjini.

"Kupima joto, shangazi."

"Joto? Si mngebaki jikoni kwenu."

Kesho yake, ukumbini Mjimwema, tulimkuta mtafiti, dada mmoja mpole tuliyemwita madam. Mezani kulikuwa na waya mwembamba kuliko unywele, na juu yake chembe za almasi zisizoonekana kwa macho. Akaziita vihisi vya kwanta. Ukizimulika kwa taa ya kijani zinang'aa nyekundu, na joto likibadilika hata kidogo, mng'ao nao unabadilika. Angepasha moto ncha moja ya waya, nasi tungeona joto likitembea chembe hadi chembe.

Ila mstari wa kuonyesha joto kwenye kompyuta uliruka ovyo. Akarekebisha, ukaruka tena. "Nadhani kifaa kimeumia njiani," akasema, akaanza kufungasha.

Nikajiona narudi bila cha kusimulia. Lakini nilikuwa nimekaa nyuma, kama kawaida yangu, na ukiwa nyuma unawaona wote. Shule zilizochelewa zilikuwa bado zinaingia, wanafunzi wanapita mmoja mmoja kumpa madam mkono, wanainama juu ya meza: shikamoo, shikamoo. Kila shikamoo, mstari unaruka.

Nikamgusa Anjela. "Mwambie ni pumzi zetu, zina joto."

"Mwambie mwenyewe, mdomo unao."

Nikasimama. "Shikamoo madam. Samahani, nadhani ni hizo shikamoo."

Ukumbi ukacheka. Madam hakucheka. Alitazama meza, akatuomba turudi nyuma, tusalimie kwa mbali. Mstari ukatulia. Akapasha moto ncha ya waya, na chembe moja baada ya nyingine ikaonyesha joto likipita.

Jumatatu, Lusewa tena, nimesimama mbele ya darasa. Nilizoea kudhani sauti yangu ni ndogo mno kufika popote. Sasa nimeona pumzi ya salamu ikifika ndani ya chembe ya almasi. Anjela alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikavuta pumzi yangu, nikaanza.