Msiba Aliofichwa Mama

Sijawahi kumpiga mdogo wangu tangu tuwe watu wazima, lakini siku ile mkono uliniwasha.

Yeye anaishi na mama kule kijijini Mamba, mimi nipo Mpanda mjini, Shanwe. Sitamsingizia: alimwezekea mama bati jipya, akamfungia sola na televisheni, na uji haukosekani. Ila alimwondolea kazi zote. Kupepeta mpunga, marufuku. Kuamia ndege shambani wasile mpunga, marufuku. Na wanajumuiya wa kanisani nao, kwa huruma zao, wakaona mama asisumbuliwe, basi zamu ya sala za nyumba kwa nyumba ikawa inauruka mlango wake. Wote walimhurumia, na hakuna aliyekwenda kukaa naye. Mama akabaki kwenye kiti cha plastiki, anatazama tamthilia za watu asiowajua.

Alibakiwa na mtu mmoja tu, bibi wa ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Waliolewa msimu mmoja, wakalima majaruba yaliyopakana, wakazalishana. Jioni alikuja na kigoda chake, wakasengenya kijiji kizima kwa Kipimbwe mpaka mama anafuta machozi kwa kucheka.

Safari ile nilipokwenda kuwaona, hata mfuko sijautua, mama akaniuliza, "Mwenzangu yule mbona kanisusa? Nimemkosea nini?"

Nikamtazama mdogo wangu. Akaniashiria twende nyuma ya nyumba.

"Dada, tulimzika wiki iliyopita. Mama ana presha. Tukakubaliana asiambiwe."

"Mlikubaliana nyie na nani?"

"Watu wote. Sisi, wafiwa, wanajumuiya."

Jeneza walilipitisha njia ya mbali. Nyimbo za mazishi zilipoanza, yeye akaongeza sauti ya televisheni. Alinieleza hayo kwa upole kabisa, kama mtu anayengoja kushukuriwa!

Najua desturi zetu. Mzee harushiwi habari ya msiba kama jiwe. Anakalishwa, anapewa maji, anaambiwa taratibu. Taratibu ndiyo desturi. Kumwacha mtu anamnung'unikia marehemu ni desturi ya wapi? Nilimwambia mdogo wangu maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha nikaingia ndani, nikazima televisheni, nikampa mama maji, nikamwambia.

Hakuanguka. Presha yao ile waliyoiogopa haikumuua. Aliweka kikombe chini, akauliza, "Nani alimwosha?"

Nikamwambia sijui.

"Tuliahidiana," akasema. "Atakayetangulia, mwenzake amwoshe. Kwa kufa kwake aliniita, na mimi nimekaa hapa namsema vibaya."

Ndipo akalia, na mimi nikalia naye, kwa uchungu na kwa hasira pia. Kumnyima mtu rafiki ni kosa. Kumnyima hata kumlilia ni ukatili, na hata mkosaji awe mpole namna gani, ukatili haubadiliki jina.

Alipotulia aliomba mkongojo wake. Mdogo wangu akasema njia ni mbali, mama atachoka. Nikamwambia afunge mdomo, na kama ana nguvu za kuzuia watu, azitumie kumshika mama mkono kwenye matuta.

Msibani binti wa marehemu alipiga magoti, akaomba radhi huku analia. Mama alimpa pole, akamwinua. Kisha akauliza nguo za marehemu ziko wapi. Zilikuwa zimefungwa kwenye shuka, zinangoja siku ya kugawiwa ndugu, na bado hazijafuliwa. Akaomba beseni, maji na sabuni, akakaa chini pale uani, akakunja mikono ya gauni.

Wanawake waliokuwepo walitazamana. Mdogo wangu akainama, akanyoosha mkono kulichukua beseni.

"Acha, mama. Watafua wengine."

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa ameshalowanisha kitenge cha kwanza.

"Mwenyewe mlimwosha nyie," alisema. "Hizi niachieni."