Barabara Inayopitika

Kristiana, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa amechoshwa na vikao vya barabara Sumbawanga mjini. Kila mara alifika na matope magotini, akaeleza shida, akajibiwa kwamba maoni yamepokelewa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wataalamu walikubali kuja kuiona barabara wenyewe kabla ya kuamua kama itaingia kwenye mpango wa mkoa. Isipoingia, malori ya mahindi yangeendelea kuwakimbia, na wajawazito kubebwa kwa machela mpaka barabara kuu.

Asubuhi ya ziara alikwenda kuwapokea makao makuu ya kata. Waliporudi pamoja garini, wakafika penye shimo linalomeza magari, moyo ulimshuka. Shimo halikuwapo. Wanaume walisimama kando na majembe, jasho likiwatiririka; walikuwa wamelijaza mawe, matawi na udongo. Gari likapita kama linateleza.

"Karibuni wageni!" katekista Zenon alipaza sauti. "Tungewapitisha kwenye tope, tungeonekana watu gani?"

Kristiana hakuwa amewaonya. Nani huwaambia watu wasiwafagilie wageni njia?

"Mwanangu, hapo wameziba leo leo," alimwambia mhandisi Atusaye, binti wa Mbeya. "Mvua moja tu, panabomoka."

"Nakuamini, mama. Lakini natakiwa kuandika nilichokiona, na nimeona inapitika."

"Basi kaeni mle kwanza."

Alichinjisha kuku, akasonga ugali wa ulezi bila haraka, macho yakiwa kwenye mawingu yaliyojikusanya upande wa milima ya Lyamba lya Mfipa. Wageni walikula, wakanawa, wakasifu mapishi. Mawingu yakaenda kunyeshea watu wengine. Gari likaondoka kwenye njia kavu.

Zenon alikuja anacheka. "Mama mwenyekiti, umeona? Hakuna aliyechafua hata kiatu! Tumeingia kwenye mpango, au siyo?"

Alitaka kumkaripia, akakosa nguvu. Viganja vya mzee huyu vilikuwa vimechubuka kwa mawe.

"Wameandika inapitika, katekista. Fedha zitakwenda kwa wenye barabara zisizopitika."

Zenon alikaa chini taratibu. "Sasa sisi?"

"Sisi tujiandae. Waambie wenzako kesho tutafute mawe makubwa zaidi, masika hayako mbali."

Kisha akaingia jikoni kuosha vyombo vya wageni.