Ukoko wa Pipa

Zamani tulipopika sabuni kwa pipa, ukoko ulikuwa wa mkorogaji. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Ningeitunga mimi, ingekuwa na masharti. Sabuni ikishamiminwa kwenye vibao vya kugandishia, ile inayobaki imeganda ndani ya pipa inakwanguliwa na aliyeshika mwiko, anaifinyanga madonge, anakwenda nayo. Hapa Kasongo kila mpika sabuni anajua hivyo.

Mkorogaji wangu alikuwa wifi, dada wa marehemu mume wangu. Watoto wangu wako Kindu, binti yake ameolewa Kabambare. Tulibaki sisi wawili. Siku ya kupika, yeye alikoroga mafuta ya mawese motoni tangu asubuhi, mimi nikamimina maji ya soda kali, ile inayounguza ngozi, kidogo kidogo, na kazi ya tatu ilikuwa kugombana.

"Wifi, leo umeacha ukoko mwingi makusudi," nilimwambia.

"Koroga weye, basi. Weye hata moshi ungeuzisha, ni vile tu haufungike mu mufuko."

Siku moja mawese yalikuja yamechanganywa na maji. Nilikuwa nimeyapima mara mbili, nikadanganywa mara mbili. Pipa zima likaharibika.

Fundi mmoja wa mabomba, aliyesikia hasara yangu, akaniambia, "Mama, mu pipa ikiharibika, inaharibika yote. Tuiache itembee mu bomba."

Akapandisha bidoni mbili, madumu makubwa, juu ya jukwaa, moja ya mawese, moja ya soda, kila moja na robine yake, koki ya kufungulia na kufungia. Vinakutana ndani ya bomba lililozungushwa kwenye maji ya moto, na upande wa pili sabuni inatoka nzito kama uji, bila kukatika, moja kwa moja hadi kwenye vibao. Ikiharibika unafunga, unamwaga ndoo moja tu. Nilibishana naye bei hadi akaniuliza kama nataka yeye ndiye anilipe.

Bomba lilifanya kazi. Wifi alikuja siku ya kwanza na mwiko wake begani, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Na miye ninakoroga wapi?"

"Kaa tu, wifi. Tuongee."

"Ukoko iko wapi?"

Bomba halina ukoko. Ukimaliza unapitisha maji ya moto, basi. Nikamkatia kipande kizima cha sabuni, tena cha katikati, si cha pembeni. Akakirudisha kwenye kibao.

"Hii ni sadaka, wifi. Ukoko ilikuwa yangu."

Mimi ninayeweza kumshusha bei muuza samaki wa Nyangwe mpaka aape kwamba harudi tena, nilimwongezea kipande cha pili. Nacho akakirudisha.

Baadaye akaenda Kabambare kwa binti yake. Kutembea tu, alisema. Lakini alichukua mwiko, na mtu haendi kutembea na mwiko.

Nikabaki na bomba. Kazi yake haichoshi mikono, ila huwezi kuiacha: mawese yakipoa yanapunguza mwendo, soda inazidi, sabuni inababua. Kwa hiyo unakaa, unagusa robine kidogo, unakaa tena. Nimejaribu kugombana nalo. Halijibu.

Mwishowe nilifunga robine zote, nikalirudisha pipa la zamani motoni, nikapika sabuni kidogo peke yangu. Kukoroga na kumimina kwa pamoja ni kazi ya mtu mwenye mikono minne. Kifuani nilirukiwa na soda. Nikakwangua ukoko, nikafinyanga madonge, nikayafunga kwenye jani la mgomba. Nikayahesabu mara mbili mbele ya mwenye pikipiki anayekwenda Kabambare, ili ajue nimeyahesabu.

Barabara ile unaijua. Pikipiki ilikwenda ikarudi imejaa matope, na furushi langu bado limefungwa nyuma.

"Hakuyataka?"

"Alinikaribisha vizuri, mama. Alinipa hata chakula. Akasema: mwambie wifi, miye sikukoroga."

Nikaketi karibu na bomba, nikalifungua jani, nikayahesabu madonge. Kisha nikayahesabu tena. Yalikuwa kamili. Nilitamani lipungue hata donge moja.