Kigoda Kati ya Mimi na Mama Mkwe

Ipo siku moja ambayo naikumbuka kwa miguu, mwanangu, si kwa kichwa. Usinicheke. Mvi sina nyingi, ila miguu yangu ilitangulia kuzeeka.

Nilikuwa nimeolewa Bwera, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, nikiuza maharagwe sokoni pamoja na mama mkwe wangu. Tulikuwa na kigoda kimoja, tumekiweka katikati yetu, na hakuna aliyekikalia. Mimi nilijua nilivyofundwa: mke wa mwana hakai mama mkwe akiwa amesimama. Basi tulisimama kutwa, kila siku ya soko. Jioni mishipa ya miguu yangu ilikuwa imetuna, nami nikaificha chini ya kitenge.

Nikasikia kwamba hospitalini Kisinga wanapima mishipa ya wanawake wanaosimama sana. Nikamwambia mama mkwe nakwenda Munkunyu kumsalimu mama yangu. Uongo mtupu. Nesi alinilaza kitandani, akanipaka dawa ya baridi mguuni, akapitisha kimashine, kisha akanigeuzia kioo cha mashine nijionee. Nilipolala, mshipa ulikuwa mwembamba. Aliponiinulia miguu juu ya mto, ulikaribia kupotea.

"Sasa simama, usitikisike," akasema.

Nikauona ukijaa, ukitanuka, ukabaki hivyo hivyo.

"Unaona, mama? Damu iko inashindwa kupanda. Usisimame pahali pamoja muda murefu. Tembea-tembea, kaa, na nyumbani inua miguu juu. Ukizarau, kitatoka kidonda."

Nilielewa kila neno. Soko lililofuata nikasimama kama kawaida. Ningeanzaje kukaa, watu wa Bwera wanavyopenda kusema? Nikajipa moyo kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali nzuri, mwanangu, lakini mimi niliitumia vibaya.

Mwezi ule ule mama mkwe naye akaaga, anakwenda Kabatoro kununua chumvi. Akarudi jioni bila chumvi. Sikumuuliza. Ningemuulizaje, mimi niliyetoka "Munkunyu" bila hata salamu za mama yangu? Nilishukuru tu kwamba naye haniulizi.

Miaka ikapita tukisimama, kigoda katikati. Asubuhi moja hakuamka kwenda sokoni. Nilipomfunua mguu nilikuta kidonda juu ya kifundo, kirefu, amekifunga kitambaa cha zamani. Nikampakia boda boda mpaka Kisinga. Nesi yule yule alimtazama, akashika kiuno.

"Mama, si ni wewe tulikupima hapa? Tulikuambia ukae!"

Mama mkwe akainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipoielewa ile chumvi.

"Mbona hukuniambia, mama?" nikamuuliza.

"Masika wangu, nilikuwa nangojea wewe ukae kwanza," akajibu, akiniita kwa jina. "Nikikaa mimi, utaona mama iko imezeeka, utajibebea kazi yote peke yako. Na wewe hukukaa."

Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa, bila aibu. Mwanamke yule alikuwa ananionea huruma miaka yote, nami nilidhani ananipima adabu. Kidonda chake hakikupona sawasawa. Sokoni hakurudi tena, na siku tuliyomzika mguu wake ulikuwa bado na bendeji. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema kwamba wanaweza kuwa wawili, wanafichana maradhi yale yale.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu ameshakua mkubwa, analala nami kitanda kimoja. Ningekaa mara moja tu, mama yule naye angekaa.

Wewe unaingia nyumba ya watu mwezi ujao. Mheshimu mama mkwe wako, umpigie magoti ukimsalimu, umpikie. Lakini ukiumwa, mwambie unaumwa. Ukimwona amerudi bila chumvi, muulize chumvi iko wapi, hata kama wewe mwenyewe una lako la kuficha. Na mkiwa na kigoda kimoja, usingoje. Mshike mkono umkalishe. Akikataa, kaa wewe ili naye apate njia.

Kigoda chenyewe ndicho hiki ninachokupa. Mungu akujalie miguu ya safari ndefu, na mtu wa kukuambia, "Kaa, mama, umechoka."