Mtani Aliyemtaja Muuaji

Nimechoka. Nasema mapema ili usije ukadhani unasoma habari za bibi mchangamfu. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na haya mashindano ya mashairi ya jukwaani, ambayo vijana wanayaita slamu, nayo yamenichosha, ingawa niliyapenda kuliko ngoma yoyote niliyowahi kuicheza.

Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma hasa nilifundishwa na riwaya za wauaji. Nilikuwa nashusha karoti na njegere kutoka mlimani, nikimaliza kuuza napitia stendi ya Msamvu kwa wauza vitabu vichakavu, nachagua chenye damu kwenye jalada. Nyumbani nasoma kidole kikiwa chini ya mstari, midomo inatembea. Na naanza na ukurasa wa mwisho. Kwa umri huu sina hakika ya kufika huko, kwa hiyo muuaji namjua kwanza, halafu narudi nyuma taratibu nikiwacheka mapolisi wanavyohangaika. Mashairi yangu yametoka humo. Kuna maiti, kuna washukiwa, mwishoni namtaja aliyefanya.

Mjukuu wangu wa kike, anayekaa mjini Kilakala, ndiye aliyeniandikisha mara ya kwanza, wala hakuniuliza. Vijana wakanishangilia kwa sababu ya mvi. Mara ya pili wakanishangilia kwa sababu niliwauma. Nimeshuka mjini kushindana miaka mitano, na mara mbili nimekuwa wa pili. Anayeshinda Morogoro ndiye anayekwenda fainali Dodoma, na mimi nilitaka kwenda Dodoma. Barabara ile naijua mpaka Dumila tu, nilikokuwa nafuata vitunguu. Safari hii nikamwambia mjukuu, "Hii ndiyo ya mwisho. Nikikosa, usiniandikishe tena. Kile kilima kitaniua."

Shairi nililokwenda nalo lilikuwa zuri, nasema mwenyewe. Maiti ni kijito cha kwetu kilichokauka. Washukiwa ni mchoma mkaa, fundi wa bomba, na mvua yenyewe. Mwishoni nilikuwa nijitaje mimi, maana mimi ndiye niliyefyeka na kuchoma kile kipande cha msitu juu ya chemchemi nipande kabeji. Hilo sikumwambia mtu, hata mjukuu.

Kila mshairi ana dakika tatu, kengele ikilia umekwisha. Nilifika dakika ya pili ukumbi umenyamaza mpaka feni zinasikika. Nikavuta pumzi, nikauliza, "Sasa nani aliyeua?"

"Si ni wewe, kizee," sauti ikatoka nyuma. "Wewe na kabeji zako. Moshi tuliuona wote."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilimjua kabla hajasimama. Ni bibi mwenzangu wa kijiji cha jirani, mtani wa ukoo wetu. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukutukana popote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unamjibu au unacheka. Mume wangu alipofariki, huyu ndiye aliyeingia kaburini akajilaza chali, akasema hatoki mpaka aletewe jogoo. Tulicheka machozi bado yanatutoka. Nikifa mimi kabla yake, naye ndiye atakayenizika.

Vijana wawili wa waandaaji wakamshika mkono wamtoe nje.

"Mwachieni," nikasema kwenye kipaza sauti. "Huyo mtani wangu. Na wewe kaa chini, mla panya. Ukoo wenu hamjawahi kuwa hata na kijito cha kuua."

"Tulikuwa nacho, mkakinywa," akajibu, akaketi.

Kengele ikalia. Muuaji sikumtaja.

Mshereheshaji, kijana mpole kutoka Dar, akapanda jukwaani. "Shikamoo bibi. Kanuni inasema mshairi akifanyiwa fujo anaanza upya. Wewe sema tu kwamba umefanyiwa fujo."

"Marahaba. Lazima niseme?"

"Lazima, bibi. Majaji waandike."

Mjukuu wangu, mstari wa mbele, alikuwa amenitolea macho, midomo inaniambia sema, sema. Nikamtazama yule mtani kule nyuma. Anajifunga kanga yake vizuri, hana hata wasiwasi. Kumshtaki mtani kwa utani wake, tena kwa watu wenye kuandika, ni kumwambia kwamba mimi na yeye hatuzikani tena.

"Sijafanyiwa fujo," nikasema. "Nimetaniwa."

"Hiyo haipo kwenye kanuni, bibi."

"Najua."

Nikawa wa nne.

Nje mjukuu alikuwa analia kwa hasira. "Neno moja tu, bibi. Moja. Dodoma ilikuwa yako ile."

"Ukiniweka kaburini utamwita nani aingie, majaji?"

Akaenda kututafutia bodaboda. Mtani akaja akaketi nami kwenye benchi, bila kuomba radhi, maana mtani haombi radhi. Akatoa ndizi mbivu kwenye kikapu, akanipa ile iliyopondeka.

"Shairi lako refu mno," akasema. "Nilidhani hutafika kwenye kabeji."

Nikala ile ndizi. Nilitaka sana kwenda Dodoma. Pale kwenye benchi sikumwambia, kwa sababu angecheka, na mimi ningelazimika kucheka naye, na siku hiyo sikuwa na nguvu.