Ramadhani Iliyoangukia Msimu wa Ndege

Nilimjua Mwanamvua binti Salumu siku aliyoninyima mkeka. Nilikuwa nikinunua mikeka Dunda na kuiuza Dar es Salaam. Nikachagua mmoja wa rangi, nikaiacha myeupe. "Huo hautoki peke yake," akasema. "Ukiutaka, chukua na wenzake." Nikazunguka mji mzima, nikarudi, nikachukua yote.

Alipoachana na mumewe, Mtoro wa Mkange, mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Kwa kadhi hawakwenda. Walikubaliana kwa mdomo: binti yao Mize akae mjini kwa mama, asome Kurani, na punje za mpunga wa baba zikianza kutia maziwa, aende Mkange akaamie, afukuze ndege shambani pamoja na bibi yake, mpaka mavuno. Ramadhani na Idi, kwa mama. Mwaka ule Ramadhani iliingia mavuno yamekwisha, kila mtu akaridhika. Hakuna aliyewaza, mimi nikiwamo, kwamba mwezi wa mfungo hurudi nyuma kila mwaka, na mpunga haurudi.

Mwaka wa hamsini na mbili vikakutana.

Mtoro alifika Shaabani ikiwa ukingoni. Mwanamvua akaniita.

"Nimemfuata mtoto," Mtoro akasema hata hajaketi. "Lori linaondoka alasiri."

"Ramadhani ni yangu, baba Mize. Na mwezi huu anahitimu Kurani."

"Ndege hawangoji khitima. Mama yangu yuko peke yake juu ya dungu la kuamia, na macho hana. Tutakula nini?"

"Mtajua nyinyi. Mimi nala mikeka."

Mtoro akacheka kidogo. "Nasikia Ausi fundi cherehani ameleta posa. Olewa basi. Siku hiyo namchukua Mize moja kwa moja, mama akiolewa sheria iko nami."

Ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka ukasimama mikononi mwa Mwanamvua. Ndiyo sababu posa ya Ausi ilikuwa imekaa tangu Rajabu bila jibu.

"Sijaolewa," akasema baadaye. "Leo mtoto ni wangu, na ndege ni wako."

Akaendelea kusuka. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaenda kuswali na Mtoro, tukarudi, tukamkuta palepale. Nikaketi. Msuluhishi anayewahi kusema huharibu bei.

"Unataka nini?" Mtoro akauliza.

"Mchukue leo, mpaka uvune. Ramadhani na Idi nakuachia. Ila useme mbele ya Bwana Haji huyu, shahidi wetu: nikiolewa, Mize habanduki kwangu. Na mwakani hatakuja kuamia."

"Hata kuamia?"

"Tafuta watoto wa jirani."

Mtoro akanitazama, kama kwamba mimi nitapunguza. Sikupunguza. Huko barabarani utingo wa lori alikuwa akiita abiria.

"Haya. Ukiolewa, sitamdai."

"Hutamdai nani?"

"Sitamdai Mize. Shahidi wako amesikia."

Mize akatoka na kifurushi chake. Hakuna aliyemwuliza.

Mtoro alivuna mpunga wote mwaka ule, akamrudisha mtoto mwenyewe, na neno lake hakulivunja. Mwaka uliofuata watoto wa jirani walilala dunguni, ndege wakala walichotaka. Mwanamvua aliolewa na Ausi, na Mize akabaki naye. Lakini saumu yake ya kwanza ya mwezi mzima Mize aliifunga Mkange, futari akapikiwa na bibi yake, na wenziwe wa chuo cha Kurani walihitimu bila yeye. Siku ya khitima yao Mwanamvua alipeleka sinia la vitumbua kama wazazi wengine, akaliweka mlangoni, akaondoka.